Figo la Tatu

Shehe wa mtaani kwetu aliposikia kwamba binadamu huumbiwa mafigo mara tatu, alifurahi kama mtu aliyeokota lulu. Jozi ya kwanza huchomoza wiki ya nne ya mimba, haifanyi kazi yoyote, hutoweka. Ya pili huchuja kidogo, nayo huondoka. Kwa mtoto wa kiume huacha mirija ambayo baadaye itapitisha mbegu za uzazi. Ya tatu huanza wiki ya tano, na ndiyo tunayoishi nayo. "Daktari," akaniambia, "Surat Az-Zumar inataja giza tatu za tumboni. Njoo utupe darsa Ramadhani hii."

Nikamjibu nitakuja, ila si kwa hoja hiyo.

Mimi natibu watoto, hasa wenye maradhi ya mafigo. Wako wavulana wanaozaliwa na kijiwambo chembamba ndani ya njia ya mkojo. Hugh Hampton Young wa Baltimore alikieleza kwa kina mwaka 1919. Inakadiriwa humpata mvulana mmoja katika kila 5,000 hadi 8,000. Kukikata si kazi ndefu. Tatizo ni kwamba kilikuwapo miezi mingi kabla mtoto hajazaliwa: mkojo umerudi nyuma, kibofu kimekakamaa, mafigo yamejengeka huku yakisukumwa. Na baada ya jozi ya tatu hakuna ya nne. Nefroni, vile vichujio vidogo mno vya figo, huacha kuongezeka karibu wiki ya 36. Kwa wastani kila figo lina kama milioni moja, lakini wapo waliojaliwa laki mbili tu, na hatuna dawa ya kuongeza hata moja.

Robert Chevalier, daktari wa watoto wa Chuo Kikuu cha Virginia, alilifuatilia jambo hili kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Alichagua panya wachanga, kwa kuwa mafigo yao huendelea kujengeka siku kadhaa baada ya kuzaliwa. Linalompata mtoto wetu akiwa tumboni, kwao laweza kutazamwa mchana. Aliziba mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo, akaufungua baada ya siku chache, akasubiri. Figo halikurudi lilivyokuwa. Nefroni zilizopotea zilipotea moja kwa moja, na madhara yaliendelea hata njia ilipokuwa wazi. Baadaye akaanza kuuliza kwa nini figo la binadamu liko hivi lilivyo, akatafuta jibu katika historia ndefu ya viumbe. Halitafuti katika dhambi za mtu, na hapo ndipo ninapomhitaji zaidi.

Maana mama mmoja, mwanawe amelala na mpira wa mkojo, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Dokta, au ni ule udongo niliokuwa nakula?" Nikamwambia hapana. Mama mkwe, aliyekaa pembeni, alikuwa na jibu lake tayari: mimba ilitangulia ndoa.

Basi nikamuuliza shehe. Ikiwa mpangilio wa mafigo matatu ni ishara tunayoruhusiwa kuisoma, kijiwambo nacho ni ishara ya nini? Ukishafungua mlango wa kusoma maumbile hivyo, mama mkwe ataingia, tena atakaa mbele.

Swali ni la kale. Husimuliwa kwamba Imam al-Ash'ari alimuuliza mwalimu wake al-Jubba'i habari za ndugu watatu: mcha Mungu, kafiri, na aliyekufa mtoto. Mbona huyu mtoto hakuachwa akue apate daraja ya kaka yake? Kwa kuwa Mungu alijua angeasi. Basi mbona kafiri hakufishwa angali mdogo? Mwalimu akanyamaza. Wapo wanaokitilia shaka kisa hiki. Nakipenda vivyo hivyo. Watu wa pwani tumesomeshwa itikadi ya Ash'ari kizazi baada ya kizazi, kisha tukifika wodini tunampigia Mungu hesabu kama al-Jubba'i.

Shehe hakukubali. "Unachanganya mambo. Mimi sithibitishi kitu, nashukuru. Mwenye macho asishukuru kwa sababu yupo kipofu?" Jibu zuri, na mpaka leo sijalivunja. Nilichoweza kusema ni kwamba shukrani ikishapandishwa mimbari watu huisikia kama ushahidi, na ushahidi hauchagui upande.

Tukaafikiana nusu. Yeye angesoma aya, mimi ningeeleza namna ya kumtazama mtoto wa kiume anapokojoa: mkojo utoke kwa nguvu, usidondoke matone; tumbo la chini lisiwe gumu; na ikiwa altrasaundi ya mimba ilionyesha mafigo yamejaa maji, mtoto aletwe mara akizaliwa, arobaini isingojwe. Maswali yakawa mengi. Mzee mmoja akataka kujua kama tohara inaondoa tatizo hili. Haiondoi, nikamwambia, hupunguza maambukizi ya mkojo, lakini kijiwambo kiko ndani zaidi.