Dhahabu kwa bei ya shaba

Msomaji wetu mmoja ametuletea swali ambalo mwanzoni tulidhani ni dogo. Shangazi yake, mjane mtu mzima, alikuwa na sarafu moja ya kale aliyoirithi kwa babu yake, naye babu alipata kuwa mpagazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Miaka yote mama huyu aliifunga katika kitambaa na kuitunza sandukuni. Siku moja alipita mtu anayezunguka vijijini kununua vitu vya kale. Akaitazama sarafu ile, akaipima kiganjani, akauliza, "Mama, wataka kiasi gani?" Mama akataja bei ya doti moja ya khanga. Yule mtu akalipa papo hapo pasipo kupunguza hata senti, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia mtu shaka, akaenda zake.

Baadaye mpwa wake alipoelezwa alama za sarafu hiyo, tembo aliyeinua mkonga, mlima nyuma yake, na mwaka 1916, akauliza kwa wajuao akaambiwa kwamba ile ilikuwa dhahabu. Sasa atuuliza: Je, shangazi ameibiwa? Nyumbani kwao wamegawanyika. Wengine wasema hakuna aliyemdanganya, bei aliitaja kwa kinywa chake mwenyewe, na ujuzi wa mfanya biashara ndio mtaji wake.

Yafaa kwanza tueleze sarafu yenyewe, maana habari zake zinahusu nchi yetu. Mwaka 1916 Wajerumani waliotawala hapa walikuwa wamezingirwa. Manowari za Waingereza zilifunga pwani, na fedha haikuweza kuletwa kutoka Ulaya. Basi huko Tabora, katika karakana ya reli, wakaanza kupiga sarafu wenyewe. Zile ndogo za heller 5 na 20 zilipigwa kwa shaba na kwa shaba ya manjano. Kisha ikatumika dhahabu ya machimbo ya Sekenke, wakapiga sarafu za rupia 15, zipatazo 16,000 tu, ambazo sehemu tatu katika nne za uzito wake ni dhahabu. Chini wakatia herufi T, yaani Tabora. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji, na kazi hiyo haikuendelea tena. Leo wakusanyaji wa sarafu huko Ulaya na Marekani huitafuta sana sarafu hiyo ya tembo, nao hulipa maelfu ya dola kwa moja.

Basi mji ule ule, mwaka ule ule, ulitoa shaba na ulitoa dhahabu. Mambo haya mawili yalitushangaza tulipofungua tena maandiko ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino juu ya udanganyifu katika kuuza na kununua. Mwalimu huyo wa karne ya 13, ambaye hakupata kusikia habari za Tabora, anauliza karibu swali lile lile la msomaji wetu, na mfano wake ni huu: mtu anauza dhahabu akidhani ni shaba ya manjano. Jibu lake halina mzunguko. Mnunuzi akijua kwamba ni dhahabu, amenunua isivyo haki, naye amefungwa kurudisha. Hasemi kwamba ingekuwa vizuri kurudisha, au kwamba mtu mwema angerudisha. Amefungwa. Ni deni, kama madeni mengine yanayoangukia chini ya amri ya saba.

Sababu yake yaeleweka hata kwa mtoto. Kuuza na kununua kuliwekwa kwa faida ya wote wawili. Mkataba ni mapatano ya nia mbili juu ya kitu kimoja. Mama yule alikubali kuuza kipande cha shaba, na yule mtu alinunua dhahabu. Nia zao hazikukutana. Kimya cha mnunuzi kilifanya kazi ile ile ambayo uongo ungaliifanya, tena kwa gharama ndogo zaidi.

Lakini tusimwonee mfanya biashara. Ujuzi ni kazi, nao wastahili ujira. Mtu aliyesoma vitabu miaka 20, aliyepata hasara kwa kununua sarafu za bandia, anayelipa nauli kufika vijijini na kodi ya duka mjini, hana wajibu wa kumlipa mama bei ile ile atakayoipata yeye mnadani. Faida ya haki si dhambi, na Mtakatifu Tomaso mwenyewe airuhusu. Tena wakusanyaji wawili wakikutana, wote wajuzi, wakabishana bei mpaka jua lichwe, sisi hatuna neno. Kila mmoja anayo macho yake. Shauri letu lahusu mkutano wa ajuaye na asiyejua. Hapo ndipo twasema kwamba ujuzi wa mmoja ni deni kwa mwingine. Na mtu huyo akiulizwa waziwazi, "Bwana, hii ni kitu gani?", basi amefanywa kuwa mshauri, na mshauri anyamazaye ili apate faida ni mdanganyifu bila shaka yoyote.

Twajua kuna msomaji atakayetuonyesha Injili. Je, yule mtu katika Mt. Matayo hakuiona hazina shambani, akaificha tena, akaenda akauza vyote alivyokuwa navyo na kulinunua shamba lile? Ndiyo, na Mtakatifu Tomaso naye alilifikiri jambo hili. Aeleza kwamba alilinunua shamba ili apate haki ya kuimiliki hazina yote. Lakini sisi twaona jibu lililo karibu zaidi. Bwana wetu alikuwa akifundisha thamani ya Ufalme wa Mbinguni, ambao kwa ajili yake mtu huachilia vyote. Hakuwa akifundisha biashara ya mashamba, kama vile mfano wa wakili dhalimu haukutolewa ili makarani wajifunze kubadili hati za madeni.

Aliyetufaa zaidi kuliko wote ni Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, Mwafrika mwenzetu. Katika kitabu chake juu ya Utatu Mtakatifu anataja kwa maneno machache mtu mmoja aliyemfahamu. Mtu huyo aliletewa kitabu kununua. Mwenye kitabu hakujua thamani yake, akaomba fedha kidogo. Mnunuzi aliyajua yote mawili, thamani ya kitabu na ujinga wa muuzaji, akalipa bei ya haki, iliyokuwa kubwa mno kupita ile iliyoombwa, na muuzaji hakuitazamia kabisa. Augustino hatuambii jina la mtu huyo. Alimtaja ili kuonyesha kwamba ule usemi kuwa watu wote hutaka kununua rahisi na kuuza ghali si wa kweli kwa watu wote. Mmoja alitosha kuukanusha.

Upande wa pili nao una dhambi zake, yaani pale muuzaji anapojua na mnunuzi hajui. Fikirini ile reali ya Maria Theresia, iliyozunguka Uhabeshi, Arabuni na pwani yetu. Kila moja ina mwaka 1780, alipofariki malkia yule, ijapokuwa ziliendelea kupigwa karne mbili baadaye, huko Vienna na hata London na Bombay. Reali hiyo haisemi uongo. Wafanya biashara wa zamani walitaka alama ile ile waliyoizoea, basi wakapewa. Uongo huanza katika kinywa cha anayemwambia kijana, "Soma mwenyewe, ni ya mwaka 1780." Vivyo hivyo senti 10 za Afrika ya Mashariki zenye tundu, za mwaka 1936, zilizopigwa kwa jina la Mfalme Edward wa Nane. Mfalme huyo hakumaliza mwaka katika enzi, kwa hiyo ni rahisi kumshawishi mtu kwamba sarafu zake ni chache mno. Kumbe zilipigwa kwa mamilioni. Na hiyo ya tembo nayo hughushiwa.

Mtakatifu Tomaso asema kwamba kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, si lazima kuitangaza, mradi bei ipunguzwe. Lakini kasoro iliyofichika lazima itajwe. Sarafu nyingi za kwetu zilitobolewa zikavaliwa shingoni. Tundu likiwa wazi, kila mtu aliona. Likizibwa kwa ufundi na kupakwa rangi, anayeuza asipolitaja ameuza tundu kwa bei ya fedha.

Juu ya wale wanaouza "rupia za Mjerumani" kwa madai kwamba zina zebaki na nguvu za kuvuta utajiri, hatutapoteza wino. Hao si wafanya biashara ya sarafu. Ni walaghai, na wanaowafuata huuza mashamba ya watoto wao.

Twapenda kusema pia juu ya ukarimu, maana haki peke yake haikamilishi ujirani. Tomaso huyo huyo ataja mfanya biashara aletaye nafaka mahali penye njaa, akijua kwamba wengine wako nyuma yake na bei itashuka. Asema hafungwi na haki kuwaambia watu. Lakini akiwaambia, fadhila yake ni kubwa zaidi. Katika biashara ya sarafu mlango huo wa fadhila uko wazi kila siku. Ni kumwambia mama, hata kama hauzi, "Usiisugue kwa ndimu na majivu," maana ule weusi uliotanda juu ya sarafu kwa miaka ndio wakusanyaji wanaoutaka, na ukiondolewa thamani huanguka. Ni kumpa mtoto anayechungulia dirishani sarafu moja ya bei ndogo na kumfundisha kuisoma. Ni kueleza ilikotoka.

Hili la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu kadhaa pwani katika visiva vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Alizihifadhi miaka mingi, na mahali alipoziokota akapatia alama katika ramani. Zilipochunguzwa mwaka 1979, tano kati yake zilikuwa za masultani wa Kilwa. Wataalamu wabishana hata leo zilifikaje huko ng'ambo ya bahari. Lakini pasipo ile alama ya ramani hapangekuwa na la kubishania. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilifukuliwa mwaka 1984 na wachunguzi walioandika kila kitu. Lau zingalipatikana na mchuuzi akazitawanya moja moja, tungalikuwa na fedha nzuri katika makabati ya wageni, na historia yetu ingalipungua ukurasa mzima. Ndiyo maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863. Sarafu ya tembo haimo katika ulinzi huo; ya Kilwa imo.

Basi twamjibu msomaji wetu: shangazi yako amedhulumiwa, na yule aliyenunua, kama alijua, anadaiwa mpaka leo. Mtafuteni kwa upole. Huenda hakupata kuambiwa na mtu.

Sisi tuliambiwa. Tulipokuwa katika seminari ndogo, mwenzetu mmoja alikuja na rupia mbili za kampuni ya Kijerumani, zile zenye kichwa cha Kaisari aliyevaa kofia ya chuma, katika sarafu moja nene ya fedha. Yeye aliiona kama rupia yoyote. Sisi tulikuwa tumesoma mahali kwamba sarafu hiyo ya rupia mbili ilipigwa mwaka 1893 na 1894 tu. Tukampa kalamu na madaftari mawili. Wakati wa likizo tukaipeleka kwa sonara mmoja mzee, mtu wa dini nyingine, tukataja bei tuliyoiona kubwa. Akaiweka juu ya mizani, akaigeuza, akasema, "Mwanangu, hujui unachokiuza," akatulipa mara nne ya tulichoomba.

Tulitoka dukani na fedha ile mfukoni, na hatukulala. Padre muungamishi alisikiliza yote, kisha akauliza neno moja tu, jina la kijiji cha mwenzetu. Sehemu ya fedha tulikuwa tumekwisha kuitumia, kwa hiyo deni lililipwa kidogo kidogo, na sehemu ya mwisho tuliimaliza katika seminari kuu. Mwenzetu hakukasirika, alicheka, akatushika mkono. Ila tangu siku ile, kila tulipompa kitu, hata sanamu ya mtakatifu, alikigeuza kwanza akakitazama pande zote mbili.