Kumtii Mungu Saa Mbili Asubuhi

Kijana mwenzangu, leo naomba tuongee jambo ambalo wote tunaliimba kanisani, lakini tukishatoka nje ya geti la parokia linakuwa gumu: kumtumaini Mungu na kumtii.

Kuimba si kazi. Jumapili umevaa vizuri, kwaya imepamba moto, umetoka kupokea Ekaristi Takatifu, unamwambia Bwana utamfuata popote, na kweli unamaanisha. Shida ni Jumatatu saa mbili asubuhi, ukiwa umekaa kazini au darasani, na mbele yako kuna jambo unalojua kabisa Mungu halitaki, ila kila mtu analifanya na wewe una njaa. Hapo ndipo utii unapoulizwa.

Chukua Biblia yako, fungua Luka 5:1-11. Isome taratibu, halafu urudi tuendelee.

Yesu alimkuta Petro akiosha nyavu

Umeisoma? Sasa tazama Yesu anamkuta Petro katika hali gani. Ni asubuhi, kando ya ziwa la Genesareti. Petro na wenzake wamekesha majini usiku kucha na hawajapata kitu. Wanaosha nyavu. Aliyewahi kukaa na wavuvi anajua maana yake: kazi imekwisha, watu wanataka kwenda kulala. Tena wanalala na mawazo, maana nyumbani wanasubiriwa.

Kitu cha kwanza Yesu anachomwomba ni kidogo tu: amsogezee mashua kutoka ufukweni, apate mahali pa kukaa afundishe watu. Petro anakubali. Baada ya mafundisho ndipo linakuja ombi la pili, na hilo sasa ni zito: aende mpaka kilindini, ashushe nyavu.

Jiweke kwenye nafasi ya Petro. Huyu ni mvuvi. Ziwa analijua kama wewe unavyoijua njia ya kwenu. Anayemwelekeza amekulia Nazareti, mji wa milimani, katika nyumba ya seremala. Nenda leo Mwanza au Kigoma, wakute wavuvi wa dagaa wanarudi alfajiri na taa zao, wamekosa, halafu fundi wa meza awaambie warudi majini jua likiwa limeshawaka. Utasikia watakachokujibu!

Petro naye hakuficha. Jibu lake lina sehemu mbili. Kwanza anamweleza Yesu ukweli: tumehangaika usiku mzima na hatujapata kitu. Pili anasema kwamba kwa kuwa ni Yesu anayesema, nyavu atazishusha.

Mpendwa, usiruke ile sehemu ya kwanza. Wengi tunadhani kumtumaini Mungu ni kujifanya hujachoka. Mtu ameomba kazi miaka miwili, ukimuuliza vipi anajibu "Mungu ni mwema" huku moyoni anavuja damu. Mungu ni mwema, ndiyo, lakini hakukataza umwambie umechoka. Petro alisema "nimekosa" na "nitatii" katika pumzi moja, na Yesu hakumkemea.

Asiyesikia

Lugha yetu ina siri moja nzuri. Mzazi akilalamika kwamba mtoto wake hasikii, hasemi habari za masikio. Anasema mtoto si mtii. Na mtoto msikivu ni yule anayetumwa akaenda. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 144, inatufundisha jambo hilohilo: neno la Kilatini la kutii linatokana na kusikia. Kutii katika imani ni kulisikia Neno na kujikabidhi kwalo kwa hiari, kwa sababu aliyelisema ni Mungu mwenyewe, naye ni Kweli.

Kwa hiyo tukiona utii umekuwa mgumu, tujiulize kwanza: mara ya mwisho nilikaa kimya nikamsikiliza Mungu ni lini? Petro hakuanzia kilindini. Alianza kwa kukaa kwenye mashua akimsikiliza Yesu akifundisha. Wengi wetu tunataka nguvu ya kilindini bila kusikia lolote ufukweni.

Kilichonipata mimi

Naomba nikushirikishe jambo langu. Nilipomaliza kidato cha sita nilipata kazi ya kukaa kaunta kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi. Mshahara haukuwa mkubwa, lakini ndio uliokuwa unamlipia mdogo wangu ada, maana baba yetu alishatangulia mbele za haki. Mwezi wa pili bosi akanielekeza: mteja akinunua vitu vya laki tano, mwandikie risiti ya elfu hamsini. Niliandika. Sikuandika siku moja, niliandika miezi mitatu. Na Jumapili nilikuwa nasoma somo la kwanza mbele ya waamini kwa sauti nzuri kabisa.

Kwaresima ikafika, nikaenda kwenye sakramenti ya Kitubio. Niliungama kwa maneno ya jumla, kwamba nimesema uongo kazini. Padre akaniuliza uongo gani, nikamweleza. Nilijua atanigombeza. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Kesho saa mbili asubuhi, duka likifunguliwa, utafanya nini?"

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimekuja kusamehewa ya jana, sikuwa nimefikiria ya kesho.

Kesho yake nilimwambia bosi kwa heshima kwamba kazi nyingine zote nitafanya, hata kubeba saruji, lakini risiti hizo siandiki tena. Hakupiga kelele. Wiki iliyofuata aliniambia amepata mtu mwingine.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama. Mama yangu ni mtu wa sala, hakosi jumuiya, lakini siku ile alinitazama akasema, "Sasa mwanangu, ada ya mdogo wako tutalipa na huo utakatifu wako?" Sikumlaumu. Na mimi nilikuwa najiuliza hivyohivyo.

Najua unasubiri niseme kwamba baada ya wiki mbili nilipigiwa simu nikapata kazi yenye mshahara mara tatu. Hapana. Nilikaa miezi saba bila kazi. Mdogo wangu alirudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya ada. Tuliuza mbuzi. Mpaka leo sijafikia mshahara ule. Nilichokipata ni hiki: niliposimama tena kusoma somo, sauti ilikuwa ileile, ila safari hii maneno niliyokuwa nayasoma hayakuwa yananishtaki. Na mama, jioni moja baada ya Rozari, aliniambia, "Ungeendelea kule, ningekula kile chakula lakini nisingekujua mwanangu." Ilinitosha.

Usifanye biashara na Mungu

Rudi kwenye Luka, aya ya mwisho. Nyavu zilijaa mpaka zikaanza kukatika, mashua mbili zikataka kuzama. Kisha Petro na wenzake wakafanya nini na utajiri ule? Waliifikisha mashua pwani, wakaacha vyote, wakamfuata Yesu.

Waliwaacha samaki! Asubuhi iliyofanikiwa kuliko zote maishani mwao ndiyo waliyoachia kazi. Maana yake samaki hawakuwa malipo ya utii. Walikuwa alama ya kuwaonyesha ni nani aliyekuwa amekaa nao kwenye mashua. Na Petro alielewa, ndiyo maana alimwangukia Yesu magotini na kujiita mwenye dhambi, badala ya kuanza kuhesabu.

Siku hizi tunafundishwa sana mahesabu mengine: mtii Mungu upate gari, toa sadaka upate visa. Sasa ukitii ukakosa, unabaki na maswali: Mungu amenidanganya? Mkumbuke Mwenyeheri Floribert Bwana Chui. Huyu si mtakatifu wa zamani za mbali. Alizaliwa Goma, Kongo, mwaka 1981, akasoma sheria, akawa katika Jumuiya ya Sant'Egidio na kuwasaidia watoto wa mitaani. Kazi yake ilikuwa katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Wakaja watu waliotaka apitishe chakula kilichoharibika, wakampa rushwa. Angeweza kufumba macho, mradi fedha inaingia. Akakataa, kwa sababu chakula kile kingeliwa na watu. Mwezi Julai 2007 alitekwa, akauawa. Alikuwa na miaka 26.

Nyavu za Floribert hazikujaa. Baba Mtakatifu Fransisko aliwasimulia vijana habari zake huko Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri, Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Kijana wa ofisini, mwenye mhuri na mafaili, ametangazwa mfiadini kwa sababu ya shehena ya chakula kibovu. Usiseme tena kwamba utakatifu ni wa masista na mapadre peke yao.

Tufanyeje basi?

Kwanza, sikia kabla ya kushika simu. Dakika kumi za Injili ya siku, asubuhi, kabla hujaangalia nani ameandika nini kwenye grupu. Kuna siku utasinzia. Kesho anza tena.

Pili, anza na mashua kusogezwa kidogo. Usimwahidi Mungu mambo makubwa ya mwaka mzima. Mwulize leo anataka nini: pengine ni kurudisha chenji iliyozidi, pengine ni kufuta namba ya mtu unayejua anakuvuta pabaya, pengine ni kumpigia baba mliyenuniana tangu Krismasi.

Tatu, usitii peke yako. Mtafute padre wa kukuongoza, nenda Kitubio, waambie wenzako wa jumuiya wakuombee. Hii ni kinga pia, maana si kila anayesema "Mungu ameniambia" ametumwa na Mungu. Kijana akikwambia amefunuliwa kwamba wewe ni mke wake na kwa hiyo mwanze kukaa pamoja kabla ya ndoa, dada yangu, hiyo si sauti ya Mungu. Mungu hapingani na amri zake mwenyewe.

Mwisho, kumbuka Bikira Maria kule Kana. Aliwaelekeza watumishi wafanye chochote atakachowaambia Mwanae (Yn 2:5). Nao wakatumwa kujaza maji mabalasi, kazi ya kuchosha isiyo na maana yoyote kwa watu walioishiwa divai. Wakayajaza mpaka juu.

Kwa hiyo nakuachia lile swali nililoachiwa mimi: kesho saa mbili asubuhi, utafanya nini?

*Tusali:* Bwana Yesu, unatukuta ufukweni tumechoka, nyavu zetu tupu. Tunakuambia ukweli: tumejaribu, tumekosa. Lakini ukisema, tutashusha tena. Utupe masikio ya kukusikia na moyo wa kutii hata tusipoona samaki. Maria, Mama yetu, utuombee. Mwenyeheri Floribert, utuombee. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!