Deni na Amana

Wahenga walinena: kukopa harusi, kulipa matanga. Je, aliyepata kuelemewa na madeni anyimwe milele amana ya siri za dola?

Nchini Marekani swali hili lina historia chungu. Mwaka 1985 Aldrich Ames, ofisa wa shirika la ujasusi la CIA, aliposongwa na madeni, aliwauzia Wasovieti siri kwa dola 50,000. Baadaye akawatajia majina ya watu, na baadhi yao waliuawa. Alikamatwa mwaka 1994. Si ajabu basi kwamba kanuni za nchi hiyo za mwaka 2017, kabla ya kumpa mtu kibali cha siri, huamuru madeni yake yachunguzwe.

Hata hivyo, kanuni hizo hazimwiti kila mdaiwa msaliti. Huuliza: deni lilizaliwa na nini? Aliyeingia deni kwa ugonjwa, talaka au kupoteza kazi, kisha akajitahidi kwa nia njema kulipa, hapimwi sawa na akopaye ili acheze kamari, wala na mwenye uwezo asiyetaka kulipa.

Sisi twaona pana hekima hapo. Ufukara si uhaini, wala mali si dhamana ya uaminifu: Ames hakuacha kuuza siri alipokwisha kutajirika. Hatari kubwa imo katika deni linalofichwa, kwani alifichaye amekwisha kumkabidhi adui kamba ya kumfungia. Dawa ya deni ni kulipa. Na mwanzo wa kulipa ni kukiri.