Miembe ya Ujiji

Ukifika Ujiji, mkoani Kigoma, utaoneshwa mahali ambapo mwandishi wa habari Stanley alimkuta mmisionari Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe. Mwembe wenyewe ulikufa zamani. Miembe iliyopo leo inaelezwa kuwa ni uzao wake. Wageni hupiga picha mbili tatu wakaenda zao. Wewe usiwe na haraka. Shika gome lile la kukwaruza, lenye nyufa, kisha kumbuka kwamba Ujiji ndiko ilikoanzia njia ya misafara kwenda Bagamoyo, ya pembe za ndovu na ya watu waliofungwa minyororo shingoni. Hao mnara wa kumbukumbu uliopo hapo hauwataji majina. Basi ukienda na watoto, tafadhali, wasimulie kwanza habari za watu hao.