Wimbo Mpya na Mizani ya Wazee



Katika vijiji vyetu vya Igamba haipiti siku pasipo kusikika wimbo mpya. Redio huanza kulia dukani alfajiri. Bodaboda hupita barabarani na sauti yake. Na wachumaji wa kahawa hutundika simu kwenye tawi la mbuni, wapate kuchuma huku wakisikiliza. Tena malori yatokayo Zambia kwa njia ya Tunduma hutuletea nyimbo za ng'ambo kabla hatujajua maneno yake yana maana gani. Tangu redio ilipoanza kusikika Dar es Salaam mwaka 1951, na zaidi sana tangu katikati ya miaka ya 1990, vituo vya watu binafsi vilipofunguliwa, wimbo umekuwa mgeni asiyebisha hodi.

Neno linalonifanya niandike ni swali waliloleta baadhi ya wazee wa usharika. Kijana aimbaye katika kwaya siku ya Jumapili, naye Jumamosi arusini huimba na kuzicheza nyimbo za redio, je, aondolewe katika kwaya? Wengine wasema ndiyo, kwa maana nyimbo za siku hizi zimeacha mila na adabu. Vijana nao wasema wazee hawachukii ubaya wa wimbo, bali wachukia upya wake tu. Basi wako walioacha kuja mazoezini, na ziko nyumba ambamo baba na mwanawe hawasemezani kwa ajili ya redio. Jambo lililoweza kuitenga nyumba si jambo dogo. Yatupasa kuuliza: wimbo mpya hupimwa kwa mizani gani?

Wazee wanayo methali: Ya kale ni dhahabu. Lakini wazee hao hao walituachia na nyingine: Kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali ya kwanza yatufundisha kushukuru, na ya pili yatufundisha kuangalia. Wala hakuna hata moja isemayo kwamba kila cha kale ni chema na kila kipya ni kibaya. Mhubiri naye, katika sura ya saba, atuonya tusiulize kwa nini siku za zamani zilikuwa bora kuliko hizi, maana swali hilo halitoki katika hekima.

Na tutazame mambo yalivyokuwa. Wako wazee wetu wampendao sana Jim Reeves, mwimbaji wa Marekani aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1964. Wasema, huyo ndiye aliyeimba kwa adabu, kwa sauti ya upole, habari za nyumbani na za Mungu. Kwa nini vijana hawaimbi hivyo? Nami nakubali kwamba aliimba vizuri. Lakini huko kwao, katika muziki wa watu wa mashambani, wengi walinung'unika siku zile. Walisema waimbaji wa namna yake wameziacha desturi za baba zao, kwa kuwa vyombo vya kijijini vimewekwa kando, na mahali pake pamewekwa kundi la fidla za mjini na waitikiaji wenye sauti laini. Hivyo wimbo tunaoushika leo kuwa kipimo cha ukale ulishitakiwa kwao kwa kosa la upya.

Tena kabla yake alikuwako Jimmie Rodgers, aliyekufa mwaka 1933. Yeye huhesabiwa miongoni mwa baba wa muziki huo wa mashambani, walakini alichanganya nyimbo za Wazungu na za Waafrika wa Marekani bila kuona haya. Sahani zake za santuri zilifika hata kwa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, alinasa kwao wimbo ulioitwa Chemirocha, ndilo jina la Rodgers lililogeuzwa katika vinywa vya watu wa huko. Wakalitia jina la mgeni katika wimbo wao wenyewe na katika vyombo vyao wenyewe, wala hawakuacha kuwa Wakipsigis.

Hata katika nyimbo za Kanisa ni vivyo hivyo. Sisi Walutheri twaimba Ijumaa Kuu, kwa heshima kubwa, wimbo wa Paul Gerhardt juu ya kichwa cha Bwana kilichojeruhiwa. Lakini sauti ya wimbo huo ilitungwa na Hans Leo Hassler, akaitoa mwaka 1601 pamoja na maneno ya kijana aliyefadhaishwa na mapenzi. Na katika nchi yetu, siku za kwanza za misheni, ngoma na sauti za kienyeji zilikatazwa mahali pengi, zikihesabiwa kuwa za kishenzi. Ilikuwa miaka ya 1960 ndipo wanafunzi na walimu wa Makumira, naye Howard Olson pamoja nao, walipozikusanya sauti hizo kwa ajili ya ibada. Bernard Kyamanywa wa Bukoba akatunga Mfurahini, Haleluya, na leo Wakristo wa nchi za mbali huuimba siku ya Pasaka. Wimbo uliodhaniwa kuwa haufai kuingia mlangoni umekuwa zawadi yetu kwa ulimwengu.

Kwa hiyo umri wa wimbo si mizani. Walakini kijana asishangilie upesi, kwa maana sijamaliza. Tukiondoa umri katika mizani, wimbo mpya hauna tena udhuru wa kusema, Mimi nachukiwa kwa sababu ni mpya. Sasa lazima upimwe kwa jambo lenyewe. Naona wazee, wanapolia juu ya mila, walinda mambo matatu yaliyo na thamani, hata kama hawayataji yote kwa majina.

La kwanza ni kweli. Wimbo wa kulima, wa kupura na wa kulilia maiti ulisema yaliyopo: kazi ni ngumu, mvua huchelewa, mtu hufa, jirani huhitajiwa. Nyimbo nyingi za redio leo zamwambia kijana kwamba fedha huja kwa usiku mmoja, na kwamba asiye na gari na nguo za thamani si mtu. Huo ni uongo, na mkulima wa Mbozi aujua kuliko watu wote, kwa maana mbuni hauzai kabla ya miaka mitatu hivi, nao hautaki kuimbiwa bali kupaliliwa. Lakini wimbo mpya waweza pia kusema kweli kuliko wa zamani. Mwaka 2001 Profesa Jay alitoa Ndio Mzee, kwa mtindo ambao wazee wengi waliuona kuwa kelele. Ndani yake yumo mwanasiasa aahidiye mambo yasiyowezekana, na watu wamwitikia kwa utii. Aliyeusikiliza wimbo huo alijifunza kupima ahadi. Nyimbo ngapi za zamani za kuwasifu wakubwa zilitufundisha hivyo?

La pili ni heshima ya mtu. Ziko nyimbo zimwuzazo mwanamke kama bidhaa ya mnadani, na ziko zimchekazo maskini. Kipimo chake ni chepesi: waweza kuuimba wimbo huo mbele ya yule unayemwimba? Waweza kuuimba mbele ya dada yako, nawe umetaja mwili wa dada ya mwenzako? Lakini hapa wazee nao wasimame mizanini. Wao wenyewe wakumbuka nyimbo za penye pombe, ambazo mgumba na kilema walichekwa ndani yake, na watu wakapiga makofi. Nyimbo zile zilikuwa za kale na za kwetu, nazo zilikuwa mbaya.

Tena tusidhani kwamba heshima ni kuficha mambo. Remmy Ongala alipoimba Mambo kwa Soksi, akiwaonya watu juu ya UKIMWI kwa maneno ya wazi, Radio Tanzania haikukubali kuupiga, kwa kuwa ulionekana kuvunja adabu. Msomaji aweza kutopenda shauri lake. Hata mimi ningependa kuanza na uaminifu wa ndoa. Lakini sisi tukaao kando ya njia kuu ya malori tumezika wengi, na wengine tuliwazika kwa sababu watu waliona haya kusema. Neno la wazi linalotaka mtu aishi lina heshima kuliko neno la kufumba linalomwacha afe. Na Biblia yenyewe haikuona haya kuweka Wimbo Ulio Bora kati ya vitabu vyake, wimbo wa mapenzi ya mume na mke, kwa maana humo mpendwa ni mtu, si kitu.

La tatu ni matunda. Wimbo uliokwisha waniacha nikiwa mtu wa namna gani? Kuna wimbo wa huzuni unaoniacha nikiwa na huruma, na kuna wimbo wa furaha unaoniacha nikimdharau mke wangu. Mtu mmoja aweza kuniambia, Mimi husikiliza sauti tu, maneno siyaangalii. Neno hili si kweli tupu. Sauti tamu ni mlango uliofunguliwa usiku. Aliyelala hajui ni nani aliyeingia. Mtoto wa miaka minne aliyekwisha kuimba maneno ya ulevi hakuyachagua, yalimwingia tu. Hapo hofu ya wazee ni ya haki, na kijana mwenye akili hawezi kuikataa.

Basi, tukiisha kuishika mizani hii, tuipeleke na nyumbani kwetu. Siku hizi redio zapiga nyimbo nyingi za Injili, nasi hufurahi kusikia jina la Bwana. Lakini tusikilize maneno. Nyingine zaomba kwamba adui aaibike na kuniona nimeketi mezani naye amesimama nje. Na huyo adui, ukiuliza, ni jirani wa mpaka wa shamba. Nyingine zahubiri utajiri ule ule wa nyimbo za dunia, isipokuwa jina la Mungu limewekwa mwanzoni. Je, zasema kweli? Zamheshimu mtu? Zatuacha tukiwa tayari kusamehe? Nabii Amosi aliwaambia Israeli kwamba Bwana amechoshwa na kelele za nyimbo zao, na nyimbo zile zilikuwa za kale, tena za hekaluni. Kosa lao halikuwa katika sauti wala katika zeze. Waliimba, na haki haikuwako mlangoni mwao.

Nani basi awe mpimaji? Mwaka 2018 serikali, kwa mkono wa Baraza la Sanaa la Taifa na Mamlaka ya Mawasiliano, ilizuia nyimbo zaidi ya kumi zisipigwe redioni. Serikali inayo kazi yake, nasi hatuidharau. Lakini simu ya kijana haina mlinzi, na wimbo uliokatazwa mara nyingi hutafutwa zaidi. Amri yaweza kufunga redio. Haiwezi kulifundisha sikio. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wayapime mambo yote, na kulishika lile lililo jema. Hakuwaagiza wazee peke yao, bali usharika wote, na vijana walikuwamo.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la wazee ni hili. Kijana asiondolewe katika kwaya kwa sababu wimbo aliouimba arusini ni mpya, au ni wa redio, au una ngoma ya nguvu. Lakini kama aliimba wimbo unaomdharau mtu, na aonywe kwa utaratibu wa Bwana katika Mathayo 18: kwanza faraghani, na mtu mmoja ampendaye, akiambiwa neno lenyewe lililo baya, si kuambiwa tu kwamba vijana wameharibika. Naye mzee aimbaye penye pombe wimbo wa kumcheka mgumba na aonywe kwa utaratibu huo huo. Na kwaya iimbayo wimbo wa kumlaani jirani iuache wimbo huo, hata kama sauti yake yapendeza mno. Mizani moja kwa wote. Mizani mbili ni machukizo, kama Mithali zisemavyo.

Kijana naye ana wajibu wake. Uhuru wake una mpaka, na mpaka huo ni upendo. Spika isilie penye msiba wa jirani. Wimbo uwezao kumkwaza bibi yake na ungoje, hata kama si dhambi, kama Paulo alivyokuwa tayari kuacha nyama kwa ajili ya ndugu aliye dhaifu. Na baba, kabla hajaizima redio, na akae kitako jioni moja, asikilize wimbo mzima, kisha amwulize mwanawe: Huyu aimbaye, asema kweli? Huenda atasikia jibu asilolitazamia. Huenda mwana naye atauliza habari za nyimbo alizoimba babu yake shambani, ambazo hakuna redio izipigayo, nazo zitapotea tusipozifundisha kwa vinywa vyetu. Maana mila hailindwi kwa kukemea peke yake. Hulindwa kwa kuimbwa.

Mungu atupe masikio ya kupambanua na vinywa vya kumsifu. Amani ya Bwana iwe katika nyumba zenu.