Akiba Iliyooza

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kuishika noti ya shilingi elfu kumi ya toleo la mwaka 2003 asubuhi ya tarehe 6 Aprili 2025, siku moja baada ya kufungwa kwa muda uliotolewa na Benki Kuu ya Tanzania wa kubadilisha noti za zamani. Asubuhi hiyo noti ile ilikuwa bado na tembo wake na namba zake, ila haikuweza kununua hata kiberiti.

Kisa nitakachosimulia ni cha kaka na dada wa Korogwe, mkoani Tanga, baba mmoja mama mmoja. Nimewabuni kutokana na watu wengi wa aina yao, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuwatafuta. Miaka, sheria na noti ni za kweli tupu.

Baba yao alikuwa na duka karibu na stendi. Mwaka 1983 kuwa na duka hakukuwa jambo jepesi. Nchi ilikuwa imetoka kwenye Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni hakuna, viwanda vinasuasua, na mche wa sabuni ulikuwa wa kupangiwa foleni. Aliyekutwa na katoni mbili za ziada stoo aliitwa mlanguzi. Mwaka ule Serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Moringe Sokoine, ilianza msako wa wahujumu uchumi nchi nzima. Ikatungwa sheria maalumu yenye mahakama yake maalumu, na mshtakiwa hakuruhusiwa wakili. Watu walitupa mali zao porini, mitoni na baharini.

Usiku mmoja mzee na mkewe walibeba katoni za sabuni, betri na doti za khanga hadi Mto Pangani, wakaanza kuzitumbukiza moja moja ili zisipige kelele. Sabuni na betri zilizama. Khanga zilikataa. Zilifunguka juu ya maji, zikaelea na maua yake kwenye mbalamwezi, mpaka mama akaingia mtoni hadi kiunoni kuzikanyagia kwenye matope kwa miguu yake mwenyewe. Alfajiri mgambo walifika, wakapekua, wasikute kitu, wakamchukua mzee hivyo hivyo. Alirudi baada ya wiki kadhaa, amekonda, bila kufunguliwa mashtaka yoyote. Kaka alikuwa na umri wa miaka tisa wakati huo, dada mitano. Waliona baba kaondoka, wakaona baba karudi. Katikati hapakuelezwa kitu.

Badala ya maelezo, nyumba ilipata sheria. Kuku akichinjwa, manyoya yafukiwe. Samaki akikaangwa, dirisha lifungwe. Jirani akiuliza mmekula nini, sema ugali kwa kisamvu. Nyumba isipigwe rangi. Mgeni akibisha hodi, redio izimwe na kuingizwa chumbani. Mtoto akicheka mno alinyamazishwa, akaambiwa kicheko kingi huita kilio. Na juu ya sheria zote lilikaa neno moja la mzee: mali ikionekana, huliwa.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hakuna wa kumlaumu. Kaka hakuumwa na nyoka yeyote. Aliyeumwa ni baba yake. Yeye alirithi mshtuko.

Alipokua alifungua mashine ya kukoboa na kusaga. Ilikwenda vizuri, hasa kati ya mwaka 2004 na 2010. Kila alipofikisha noti mia moja za elfu kumi, alizifunga kwa kipande cha mpira alichokata kwenye tyubu ya baiskeli, akazitia kwenye nailoni, akazishindilia ndani ya ndoo tupu ya rangi aliyoifukia chini ya magunia ya pumba. Yalifika mafungu kumi na moja. Ni shilingi milioni kumi na moja, fedha ambayo kwa Korogwe ya miaka ile mtu angejengea nyumba.

Nyumba yake mwenyewe ilivuja. Mkewe alipotaka kuingia kwenye upatu na wenzake aliambiwa kwamba upatu ni kujitangaza. Kiwanja kizuri kando ya barabara ya kwenda Segera kilipouzwa, alikizunguka mara tatu kwa baiskeli, kisha akakiacha, maana watu wangeuliza amepata wapi. Binti yake alipochaguliwa kwenda chuo kikuu, alimwambia aombe mkopo wa Serikali kama watoto wa maskini wenzake. Binti aliomba, akapata, na makato bado yanatoka kwenye mshahara wake. Ada ilikuwa chini ya pumba, hatua ishirini kutoka alipokuwa akilala.

Kwangu mimi hasara kubwa zaidi haikuwa hiyo ya fedha. Mteja akimwambia kwa nia njema, "Naona biashara inakwenda, baba," usiku huo hakulala. Mtu akimsifia, alisikia anapelelezwa. Jirani akimletea sahani ya futari, alijiuliza kilichomleta ni nini. Wanawe walijifunza kumletea habari mbaya tu, kwa sababu habari njema zilimtia wasiwasi. Kwa zaidi ya miaka ishirini alichoka kwa kazi ya kuilinda ndoo ambayo hakuna aliyeitafuta.

Hofu yake haikukosa mashahidi, lazima tukiri. Mapema Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano ndogo kwa siku moja kwa kukosa mtaji, na bima ya amana wakati huo ilimlipa mwenye akaunti hadi shilingi 1,500,000. Kilichozidi hapo ilibidi kisubiri mali za benki ziuzwe. Wenye kutunza fedha majumbani walichekelea. Kaka aliisikia habari hiyo redioni akapandisha sauti, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Hofu ya kurithi hupenda sana ushahidi ikiwa ushahidi uko upande wake.

Mwishoni mwa mwaka 2024 likaja tangazo lenyewe. Noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya 500 ya mwaka 2010, zingeondolewa kwenye mzunguko. Mwenye nazo azipeleke kwenye ofisi za Benki Kuu au benki yoyote ya biashara kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, apewe nyingine kwa thamani ile ile. Miezi mitatu. Korogwe kuna benki. Hata nauli ya basi isingehitajika.

Mdogo wake alimpigia simu mwezi Februari.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Kaka, umesikia hili la noti? Kama unazo za zamani, zipeleke. Mimi nimepeleka za mama, zile za kwenye sanduku, wamenibadilishia siku hiyo hiyo."

"Nani kakwambia mimi nina noti?"

"Hakuna aliyeniambia. Nakukumbusha tu."

"Na huko benki ulipokwenda, jina lako hawakuliandika?"

Akakata simu, na hawakuzungumza tena hadi Pasaka ilipopita.

Kwa kaka mambo yalikuwa wazi kama mchana. Serikali inataka kujua nani ana fedha. Inawaita watu wenyewe, kwa hiari yao, wapange foleni wakiwa na mafungu mkononi. Ukishasimama pale umeshaandikwa, na anayefuata ni mgambo. Baba yake angefikiri vivyo hivyo mwaka 1983, na mwaka 1983 huenda angekuwa sahihi. Tangazo lililokuja kumwokoa alilisoma kama mtego, kwa miwani aliyoachiwa.

Sasa huyu dada yeye alipona vipi? Wamelelewa nyumba moja, wamefungiwa dirisha lile lile. Sidhani alikuwa jasiri kuliko kaka yake. Alimuuguza baba, basi. Mwaka 1999 mzee alipolala kitandani muda mrefu, dada ndiye aliyekuwa akikesha naye, na katika usiku mmoja wa kukesha aliuliza swali ambalo hakuna mtoto aliyewahi kuliuliza: "Baba, kwani kulitokea nini?"

Mzee alisimulia yote, mto, khanga, mama majini, mahabusu. Akaendelea mpaka sehemu ambayo haikuwahi kuingia kwenye sheria za nyumba. Kwamba mwaka uliofuata, 1984, sheria ile ilifutwa ikaletwa nyingine, na kesi za namna ile zikapelekwa Mahakama Kuu. Kwamba bajeti ya Juni mwaka huo iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa, na akina Mzee Mwinyi walipoingia madarakani mwaka 1985 mambo yakawa ruksa. Kwamba mmoja wa mgambo waliomchukua alikuja baadaye kukopa unga dukani, akakopeshwa, akalipa.

"Mbona hamkutuambia, baba?"

"Nilitaka mwishi. Halafu sikujua ni lini niwaambie imekwisha."

Baada ya maziko ya mzee, dada alimsimulia kaka yake. Kaka alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema mzee alikuwa akiweweseka kwa homa. Hapa ndipo ninapomwonea huruma kuliko mahali pengine popote katika kisa hiki. Mwenye hofu mwenyewe alikuwa ameivua mbele ya binti yake, na mrithi akakataa kuamini kwamba imevuliwa.

Dada leo ana duka la khanga na vitenge. Anavitundika nje, barabarani, vipigwe na upepo na kuonwa na abiria. Ameshapoteza pia. Aliwahi kuingia kwenye mmoja wa ile michezo ya kupanda fedha ili uvune maradufu, akapanda laki tatu na hakuvuna hata mia. Alilia, akawaambia wenzake walioponea chupuchupu wasije wakaingia, kesho yake akafungua duka. Fedha zake ziko sehemu mbalimbali, nyingine benki, nyingine kwenye simu, nyingine kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Anasoma masharti kabla ya kutia saini kwa sababu aliwahi kuumia. Tahadhari yake anaijua ilipotoka na anajua ikomee wapi. Usiku analala.

Mwezi Julai 2025 mota ya mashine ya kaka iliungua. Wateja wakahamia kwingine, na kwa mara ya kwanza akaamua kufukua ndoo. Mafungu yote yalikuwa salama. Mchwa hawakuyagusa, maji hayakuyagusa, mpira wa tyubu tu ndio uliokauka ukakatika alipouvuta. Alikwenda Tanga mjini, akaingia duka la mota na vipuri, akachagua mota, akapatana bei kwa saa nzima kama mtu asiye na kitu, kisha akatoa mafungu mawili kwenye mfuko wa rambo.

Kijana wa kaunta alishika noti ya kwanza, akaigeuza, akashika ya pili.

"Mzee, hizi hazipokelewi tena."

"Hazipokelewi na nani?"

"Na mtu yeyote. Zilikwisha Aprili."

Kaka akasema hizo ni fedha halali za Serikali, zina tembo, zina saini. Kijana akaita mwenye duka, mwenye duka akamletea kiti na maji. Adabu yao ndiyo iliyomvunja. Angetukanwa angeondoka na hasira. Alipewa pole, akalia mbele ya watu, mtu ambaye maisha yake yote alijificha asionekane.

Wakenya wanayajua haya kwa kipimo kikubwa zaidi. Tarehe 1 Juni 2019, kwenye sherehe za Madaraka huko Narok, Gavana wa Benki Kuu ya Kenya wakati huo, Patrick Njoroge, alitangaza kwamba noti za zamani za shilingi elfu moja zingekufa tarehe 30 Septemba. Zilipohesabiwa, noti zaidi ya milioni saba hazikuwa zimerudi, thamani yake takriban shilingi bilioni 7.4 za Kenya. Sehemu ya fedha hizo bila shaka ilikuwa ya watu wasioweza kueleza walikozipata. Siamini kwamba zote zilikuwa hivyo. Nyingine naamini zilikuwa chini ya magodoro ya watu waadilifu waliolelewa na wazee waliowahi kudhulumiwa.

Mota mpya ya Korogwe ilinunuliwa kwa mkopo wa kikundi cha dada. Kaka ilibidi ajiandikishe kwa jina lake kamili, kwenye daftari, mbele ya wanachama wote, na kila wiki analeta rejesho mwenyewe. Siku za mwanzo alikuwa akilikunja daftari lake ndani ya shati. Siku hizi analishika mkononi.

Msomaji, pengine kwenu dirisha halikuwa la samaki. Pengine mlikatazwa kumwamini mtu wa kabila fulani, au daktari, au mtoto wa kike alikatazwa kusoma, au mliambiwa tu kwamba ukoo wenu haufiki mbali, msijitaabishe. Katazo la namna hiyo lina siku lilipoanzia, na kuna mtu aliyekuwepo siku hiyo. Mtafute umuulize kulitokea nini, na kilichotokea baadaye pia. Usichelewe. Aliyekuwa na miaka thelathini mwaka 1983 ameshapita sabini sasa.