Nakala Yenye Moyo

The Hudsucker Proxy ilipotoka mwaka 1994, wahakiki wengi waliisifia ufundi wake, kisha wakaihukumu kuwa filamu baridi. Watengenezaji wake, Joel na Ethan Coen, walisema, wameiga vichekesho vya Hollywood vya miaka ya 1930 na 1940, vile ambamo mwanamke mwenye ulimi mwepesi humpeleka puta mwanamume mzubaifu. Ila wameokota maganda wakaacha kiini. Watazamaji nao hawakuja. Mapato yake nchini Marekani hayakufika dola milioni 3, na kuitengeneza kulikuwa kumekula makumi ya milioni. Mimi naona hukumu hiyo imesimama juu ya dhana isiyopimwa: kwamba hisia za kweli huja na umbo jipya, na anayeazima umbo hana lake la kusema.

Tuwatazame hao wanaoitwa asili. His Girl Friday ya Howard Hawks, ya mwaka 1940, ilitokana na tamthilia ya mwaka 1928 ambayo tayari ilikuwa imeshafanywa filamu mwaka 1931. Hawks alimgeuza mwanahabari mwanamume kuwa mwanamke, akaharakisha mazungumzo, basi. Hata kasi hiyo ilikuwa na sababu zake. Tangu mwaka 1934 studio zilibanwa na kanuni kali za maadili. Mapenzi yasiyoweza kuonyeshwa kitandani yakahamia mdomoni, katika kukatana kauli na kurushiana vijembe.

Sisi wasomaji wa mashairi tuna ugomvi wetu wa aina hii. Mshairi Kezilahabi alipochapisha Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974, kuna walioona vina na mizani kuwa pingu, na kuna walioona kwamba bila hivyo hakuna shairi. Nawaachia malenga wenyewe wamalizane. Lakini uchungu wa mfiwa katika shairi la mizani 16 haupungui eti kwa kuwa mizani hiyo mtunzi aliikuta.

Aliyeshambuliwa sana ni Jennifer Jason Leigh, anayeigiza Amy Archer, mwandishi wa gazeti. Wakasema anamuiga Katharine Hepburn na Rosalind Russell. Ni kweli, anaiga. Ila Amy mwenyewe ni mwigaji. Katika chumba cha habari kilichojaa wanaume, ulimi wa kasi ndio ngao yake. Na ili apenye ofisini kwa Norville Barnes, bosi mpya mshamba wa kampuni ya Hudsucker, anajidai naye ni binti wa Muncie, mji wa kwao Norville. Kinyago juu ya kinyago. Ndiyo maana usiku ule wa roshani, Norville anapomwambia kwamba huenda katika maisha yaliyopita alikuwa mnyama wa jamii ya swala, na ule ulimi ukapungua mwendo, tunajua kuna kitu kimeguswa. Angekuwa anaongea kama watu wote, tusingekisikia.

Kuhusu ubaridi: mwanzoni Waring Hudsucker, mwenye kampuni, anaruka dirishani kutoka ghorofa ya 44, na wakurugenzi wanabishana kama mezanini nayo ihesabiwe. Ubaridi upo, lakini ni wao walio baridi, na kicheko chetu ndicho kinachowashtaki.

Hao hao ndio wanaompa Norville uongozi ili aiangushe bei ya hisa. Yeye ana karatasi iliyochorwa duara, na kila anayeonyeshwa haoni kitu. Duara linakuwa kichezeo cha plastiki. Bei inashushwa, linakuwa zawadi ya bure, mwisho muuza duka anayatupa maduara hayo uchochoroni. Moja linabingirika hadi miguuni pa mtoto. Anaingia ndani, anazungusha kiuno. Katikati mwa kichezeo hicho hamna kitu, na hapo ndipo mtoto anaposimama. Umbo la kuazima nalo ni hivyo: kulilaumu kwa utupu ni kulihukumu likiwa bado kwenye karatasi.

Sehemu moja nawaachia wahakiki. Mwishoni saa inasimamishwa, Hudsucker anashuka akiwa malaika, na barua ya bluu inasomwa ili kila jambo lieleweke na kila mtu afarijike. Hapo Coen hawaliamini tena umbo lao, wanaanza kutueleza. Katika filamu nzima, ni dakika hizo tu, zilizojitahidi waziwazi kuwa na moyo, ndizo nilizoziona baridi.